Gitaa Baada ya Wimbo wa Sita

Kepher Nyang'au alikuwa nyapara wa wachumaji katika shamba moja kubwa la chai karibu na Mogogosiek, na kwa miaka kumi na miwili alikuwa na siri moja: alipenda muziki wa roki. Meneja mmoja mzungu, alipostaafu mwaka 1984, alimwachia kaseti tano. Kiingereza cha Kepher kilikuwa cha kuombea ruhusa tu, kwa hiyo maneno ya nyimbo yalimpita. Yeye alisikiliza jinsi wale watu walivyopiga.

Nawe usimcheke, maana sijui mahubiri yaliyomfunza zaidi. Katika wimbo mmoja mrefu gitaa linaanza peke yake, polepole, na ngoma haziingii mpaka umekata tamaa. Mwaka ambao yeye na mkewe Beldina walimzika mtoto wao wa kwanza, Kepher aliusikiliza wimbo huo kila jioni, akajiambia kwamba huenda kimya cha Mungu nacho ni ngoma ambazo hazijaingia bado. Alilia sana akiusikiliza, na ulimponya.

Kisha kuna mahali mpiga gitaa hupiga muda mrefu, na wenzake wote humpisha, hata mwimbaji. Hakuna anayemharakisha. Jambo hilo Kepher alilipeleka shambani. Kwa wanyapara wengine, aliyemaliza mstari wake wa chai alikimbilia mizani. Kwa Kepher, aliyemaliza aligeuka, akaanzia mwisho wa mstari wa aliyechelewa, wakachuma wakielekeana mpaka wakutane.

Kosa lilitokana na wema. Mwaka 1996 kwaya ya kanisa la kambi ilitaka kujirekodi na haikuwa na kaseti. Kepher alitoa ile ile aliyoipenda, akaziba vitundu vyake vya juu kwa karatasi ili ikubali kurekodiwa upya, na kwaya ikaimba juu yake. Sabato iliyofuata kaseti ilichezwa mbele ya wageni kutoka Kaplong. Nyimbo sita zikapita vizuri. Kabla mtu hajaifikia redio, kile kipande ambacho kwaya haikukifuta kikalipuka: gitaa, ndani ya kanisa, mchana kweupe.

Wiki iliyofuata Kepher alikuwa awekewe mikono kuwa mzee wa kanisa. Beldina alikuwa ameshalipiga shati pasi. Badala yake, baraza likamwita.

Mzee Omosa, kiongozi wa baraza, alikuwa na kigugumizi, na karibu kanisa zima lilizoea kummalizia maneno. Walifanya hivyo kwa upendo, lakini mara nyingi walimmalizia yasiyo yake.

"Ndugu Kepher, wewe..." mzee alianza, akakwama.

"Umetuaibisha," Sally, katibu wa baraza, akamalizia.

Mzee Omosa alitazama meza. Kepher aliona usoni pake kwamba neno lake lilikuwa lingine.

"Ch-cheza hiyo kitu," mzee akasema.

Redio ikawashwa. Gitaa likalia peke yake, likaendelea kulia.

"Na hawa wengine wameenda wapi?" Sally akauliza.

"Wako hapo, dada. Wamenyamaza ndio huyo mmoja amalize. Hapo ndio nilijifunza kuongoza watu. Kama ni makosa mnitoe, lakini siwezi danganya kanisa ati siipendi."

Beldina, aliyekuwa akingoja mlangoni, aliinamisha kichwa. Hakuwa amewahi kumpenda mumewe kama saa hiyo, na aliogopa.

Kaseti ilipokwisha, mzee Omosa alisimama. "Mimi nasema huyu mtu... huyu mtu..." Neno likagoma.

"Asamehewe," akadakia Nyamwange, rafiki wa Kepher, na vichwa viwili vitatu vikaanza kuitikia. Jambo lilikuwa limekwisha. Kepher alichohitaji ni kukaa kimya tu.

Akainua mkono. "Nyamwange, ngoja. Tumwache mzee amalize."

Wakanyamaza wote. Mvua ilianza kugonga mabati. Midomo ya mzee ilitetemeka, ikafunga, ikajaribu tena, na hakuna aliyemsaidia. Walingoja muda mrefu kuliko walivyowahi kumngoja.

"Huyu mtu," mzee Omosa akasema, machozi yakimtoka bila haya, "ndiye peke yake hunisikizanga mpaka mwisho. Muwekeni mikono."