Kiti cha Agape

Kila Honorata aliposhuka Same kuuza tangawizi, safari ya kurudi Mbaga alilipia viti viwili. Kimoja alikalia mwenyewe. Cha pili, cha dirishani, alikitandikia kanga, na aliyekisogelea alimwambia, "Pana mtu."

Wageni walidhani huyo mtu kaenda kununua maji. Wenyeji walijua.

Noa za milimani, zile gari ndogo za abiria, haziondoki mpaka zijae, na zikishajaa, konda huweka kibao mlangoni ili wapate pa kukaa abiria wawili zaidi. Miaka ya nyuma mzee mmoja alipanda viti vikiwa vimekwisha. Agape, bintiye Honorata, akainuka bila kuambiwa. "Shikamoo babu, kaa hapa." Akaenda kukaa kwenye kibao. Abiria wakamsifu mama kwamba amelea, na Honorata akafurahi. Kwenye kona iliyo juu ya kijiji cha Mwembe, mlango ukafunguka, kibao kikabaki kitupu.

Tangu hapo, akisikia mtoto anaamkia ndani ya gari, hugeuka kuutazama mlango.

Jumatatu moja gari lilikuwa limejaa alipopanda bibi mwenye fimbo. Akakisogelea kile kiti.

"Pana mtu," alisema Honorata.

Nyuma yake msichana wa shule akasimama. "Shikamoo bibi. Njoo ukae hapa kwangu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mungu akukuze."

"Haya dada, kibao kinakusubiri!" Konda, Sadock, akapiga paa.

"Asikae hapo!" Honorata alisema.

"Sasa mama, nimpakate? Au leo mtu wako atatupisha?"

Mmoja akacheka, akajikatiza.

Honorata akaitazama kanga. Akaiondoa taratibu, kama anayemfunua aliyelala. "Pita hapa, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Lea."

Lea akapita, akakaa ukingoni, amejibana ubavuni kwa Honorata. Upande wa dirisha ukabaki wazi.

"Mbona hukai vizuri? Jisogeze."

"Nilikusikia ukisema pana mtu," Lea alinong'ona. "Nisimbane."

Honorata akaikunja kanga mapajani. Gari likapanda, likafika kwenye ile kona, mlango ukagongagonga. Akamzungushia Lea mkono kiunoni, akamvuta kwake kwa nguvu zote. Vidole vyake vikapita upande wa pili, vikagusa pale palipoachwa wazi.

Palikuwa na joto.

Hakuuondoa mkono mpaka Mbaga.