Ufunguo Msumarini

Agnete alikuwa na miaka themanini na mmoja, na Jumanne ilikuwa siku yake. Pale Svendborg, mji wa Denmark, kwenye nyumba kumi na mbili za wazee zilizozunguka ua mmoja, baadhi ya wakazi waligawana siku za wiki za kuwapikia wenzao chakula cha jioni. Yeye na Grethe, shoga yake kwa miaka arobaini, ndio walioanzisha mambo yale walipochoka kula peke yao wakitazamana na kuta. Nyama ya nguruwe ya Agnete ilisifiwa hata na wanaojidai hawali nyama. Akiulizwa anaishi kwa ajili ya nini, alijibu: Jumanne.

Mara mbili aliliacha jiko likiwaka akaenda zake kulala. Mara zote Grethe alilizima, akaapa, "Hili litabaki letu, mimi na wewe."

Kumbe wapi! Kwenye kikao cha mwezi Grethe alisimama akayamwaga yote. Mikono ikanyooshwa, na Jumanne ikaenda kwa Preben, mzee asiyejua hata kukaanga yai. Agnete akapewa kazi ya kukunja vitambaa vya meza. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alisimama pale amevaa sweta aliyofumiwa na Agnete.

Desturi yao ni pazia kufunguliwa kabla ya saa tatu asubuhi. Lisipofunguliwa, mwenye ufunguo wako anakuja kutazama kama bado u hai. Grethe alikuwa na ufunguo wa Agnete. Wa Grethe ulining'inia msumarini kwa Agnete, kando ya mlango. Asubuhi iliyofuata Agnete aliliacha pazia limefungwa makusudi, akakaa kitandani na viatu miguuni, hasira zimemjaa.

Saa tatu na dakika moja Grethe akaingia na ndara zake, nywele timtim, anahema.

"Wewe! Umenitia kiwewe!"

"Niko hai. Pole sana."

"Shoga, tuko wazee kumi na tisa hapa. Ningenyamaza tungeungua wote."

"Si ungeniambia mimi kwanza?"

"Nimekuambia mara ngapi, Agnete? Unasahau."

Agnete alitafuta kichwani, hakukuta kitu. Hilo lilimuuma kuliko kikao.

"Nilikupa ufunguo ili nikifa nisiozee humu ndani," alisema. "Sikukupa uniue mapema. Ulete."

Grethe aliuweka mezani. Alipofika mlangoni aliutazama wake pale msumarini, akatoka bila kuuchukua.