Walipoziba Tundu la Moyo wa Masenge

Shangazi yangu alikuwa mvivu hadi alipofikisha miaka sitini na mitatu. Katika nyumba yetu ya Gisenyi hayo hayakuhesabiwa kuwa maoni. Ilikuwa taarifa tu, sawa na kusema kwamba ni mrefu au kwamba hali pilipili. Tulimwita masenge, jina ambalo Kinyarwanda humpa dada wa baba, na kila mgeni aliyeingia sebuleni alitambulishwa kwake kwa maneno yaleyale: huyu ni masenge, munebwe wetu, mvivu wetu. Yeye alicheka pamoja nao. Nimejiuliza mara nyingi iwapo kicheko kile kilikuwa cha kukubali au cha kuomba mambo yaishe.

Ushahidi, kwa maana ambayo familia hulipa neno hilo, ulikuwepo. Ukoo wetu ulipokuwa bado Masisi, upande wa Kongo, masenge aliolewa na watu waliolima maharage kwenye mteremko mkali. Alilima mstari mmoja akaketi. Alilima nusu ya mstari wa pili akaketi tena. Baada ya misimu miwili walimrudisha. Mama mkwe alimleta mwenyewe hadi uani kwa babu yangu na kutamka maneno ambayo baba hupenda kuyaigiza kwa sauti nyembamba kila sikukuu: "Tuliomba muke, mukatupatia mugeni." Hakuolewa tena. Tuliporudi Rwanda alirudi nasi, akapewa chumba cha nyuma, na kazi zake zikawa kuchambua maharage, kukunja nguo na kulea watoto wa wenzake, nikiwemo mimi. Zote ni kazi za kukaa, na hilo nalo lilitajwa dhidi yake.

Kisha miguu yake ikaanza kuvimba, na kulala chali kukamshinda. Hospitali ya mjini kwetu ilimtuma Kigali, ambako nilikuwa nasomea shahada ya uzamili ya sheria, na baba akaja naye. Daktari alipitisha kifaa cha ekografia juu ya kifua chake, kisha akatugeuzia skrini. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo ulikuwa na tundu. Alizaliwa nalo. Maisha yake yote, sehemu ya damu iliyokwisha kupita kwenye mapafu ilikuwa ikivuja kurudi upande wa kulia na kusukumwa huko tena, safari isiyo na faida yoyote, na upande huo wa moyo ulibeba mzigo wa ziada hadi ukapanuka. Nilikaa pale nikitazama ule mwendo wa kijivu kwenye skrini. Hakuna kitu katika ukoo wetu kilichofanya kazi kuliko moyo ule, nao ulikuwa ndani ya mtu tuliyemwita mvivu.

Baba ndiye aliyezungumza kwanza. "Miaka yote hii? Na hukusema?"

"Ningesema nini?" masenge akamjibu. "Kama nachoka? Nilisema."

Daktari alieleza kwamba hawatapasua kifua. Wangeingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa kinena, wakaupandisha hadi moyoni, na kupitia humo wangepeleka kifaa kilichofumwa kwa nyuzi za chuma na kukunjwa. Kikifika kingefunguka kuwa visahani viwili, kimoja kila upande wa ukuta, vikilibana tundu katikati. Lakini kwa mtu wa umri wake, alisema, kuna jambo la kupima kwanza. Moyo ulioishi na tundu muda mrefu namna hiyo huweza kuwa umelitegemea. Ukilifunga ghafla, damu yaweza kukwama upande wa kushoto na kurudi kuyajaza mapafu. Kwa hiyo angeliziba kwa puto dogo, asubiri huku akitazama shinikizo, na moyo ukikataa angelitoa puto na kuliacha tundu lilivyo.

Sentensi hiyo ya mwisho niliigeuzageuza kwa siku nyingi. Kwamba kilichokudhuru tangu tumboni mwa mama yako kinaweza kufikia hatua ya kuwa ndicho kinachokushikilia: sikupata pa kuliweka wazo hilo, na masomo yangu, ambayo hudai kila dhara liwe na fidia yake, hayakunisaidia.

Masenge hakuuliza habari za puto. Aliuliza swali moja tu.

"Dokta, mukiliziba, watu wataona kama haikukuwa uvivu?"

Daktari alimtazama, akadhani hakulisikia swali vizuri. "Mama, utapumua vizuri zaidi," akasema.

Moyo ulikubali. Puto lilikaa, shinikizo halikupanda, na visahani vikafunguliwa mahali pake. Kesho yake daktari alisimama kando ya kitanda na kutuambia kwamba tundu limefungwa. Akaendelea, na nayanukuu maneno yake kwa uangalifu kwa sababu nilikuwepo: vyumba vilivyopanuka kwa muda mrefu hivyo vitapungua kiasi, lakini havitarudi kuwa vya msichana, mapigo yataendelea kupoteza mpangilio mara kwa mara, atatumia dawa, atachoka mapema kuliko wenzake, na asinyanyue vitu vizito. Baba alitoka nje baada ya sentensi ya kwanza. Nilimsikia kwenye korido akimpigia simu binamu yake wa Goma.

"Bon, wamemuziba! Iko muzima kama mutoto. Hapana, hapana, hawakupasua. Walipitia muguu!"

Siwezi kusema kwamba furaha ya wiki zilizofuata ilikuwa ya uongo. Uvimbe uliondoka. Masenge aliteremka hadi ufukweni mwa ziwa na kupanda kurudi bila kuketi njiani, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Jirani yetu muuza viazi, aliyekuwa hodari kuliko wote kwa masimango, alikuja na chupa ya maziwa akapiga makofi mlangoni: "Kumbe we haukuwa munebwe, ulikuwa mugonjwa! Utusamehe, mama." Masenge alinishika mkono, akaniagiza nimweleze mgeni habari ya tundu, toka mwanzo, na nisiruke pale kwenye "alizaliwa nalo". Nilieleza. Wageni walipobadilika nilieleza tena, naye alitikisa kichwa kwa kila kipengele kama mtu anayesomewa uamuzi wa mahakama uliompa haki. Ndicho kipindi pekee nilichomwona akikaa kitini bila kujibana pembeni.

Sikuona wakati ule kwamba kila nilipoeleza kuhusu tundu nilikuwa naeleza pia kwamba halipo tena.

Ilianza na mama, tena bila ubaya wowote. "Masenge, kwa kuwa sasa uko na nguvu," alisema, akamsogezea dumu la maji. Kisha jirani akamwomba amsaidie kushusha gunia la viazi vilivyotoka Kanama kwenye pikipiki. Nilipinga mara zote mbili; mara zote mbili masenge aliniambia ninyamaze, akabeba. Alikuwa amengoja kuwa mtu wa kuombwa msaada tangu ujana wake, na mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikimsomea masharti ya daktari.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi nilikuja tena nyumbani kutoka Kigali, na wote tukatoka kwenda umuganda, ile kazi ya pamoja ambayo kila kitongoji huifanya siku hiyo. Mvua ilikuwa imeujaza mtaro wa barabara changarawe nyeusi ya volkano, na tulitakiwa kuuzibua. Wagonjwa na wazee husamehewa. Masenge alikuwa hajaufikia uzee unaosamehewa, na miaka yote iliyopita, kwa kukosa ugonjwa wenye jina, alikuwa akija na jembe lake, akiketi juu ya jiwe na kuchekwa. Safari hii msimamizi wetu, mtu mpole, alimwambia abaki kivulini.

"Kivuli cha nini?" baba akasema kwa sauti ya kusikika hadi mwisho wa mtaro. "Huyu walisha mutengeneza Kigali. Dada, waonyeshe!"

Watu walishangilia. Masenge alifunga kitenge chake upya kiunoni, akashika sepetu, akaanza. Alifanya vizuri kwa muda, vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha nikaona mkono wake ukitafuta ukingo wa mtaro, na midomo yake ikageuka rangi, naye akaketi juu ya rundo la changarawe alilolitoa mwenyewe.

"Ee! Sasa iko nini tena?" baba akauliza, nusu akitania. "Si walikuziba?"

"Labda iko na tundu lingine," akasema muuza viazi, na mtaro mzima ukacheka.

Safari hii masenge hakucheka nao. Niliingia mtaroni, nikaliokota sepetu lake, nikachuchumaa mbele yake, nikamshika kifundo cha mkono. Mapigo yalikuwa yakikimbia, yakisita, yakikimbia. Alisubiri pumzi imrudie.

"We mwenye kusoma," akaniambia kwa sauti ya chini, "niambie bila kuzunguka. Saa hii, ni moyo, ao ni mimi?"

"Ni moyo, masenge."

"Lakini waliuziba."

"Waliziba tundu. Moyo wenyewe ulikwisha kupanuka. Daktari alisema, nawe ulikuwepo, kwamba kwa umri wako..."

Nilikuwa sahihi katika kila neno. Nilizungumza kuhusu vyumba, kuhusu mapigo, kuhusu kile kinachoweza kurudi na kile kisichoweza, nikijisahihisha mahali ambapo nilikuwa nimesema kwa ujumla mno. Alinitazama usoni kana kwamba anatafuta humo neno moja fupi, neno ambalo angeweza kulitupa hadi mwisho wa mtaro na wote wakalielewa bila mimi kusimama kando yake. Sikuwa nalo. Nilipokuwa bado naeleza, aliegemea bega langu, akainuka na kunyoosha mkono kuliomba sepetu.

"Masenge, hapana."

"Niachie," alisema. "Wananiangalia."

Sikuliachia. Tulibaki tumelishika wote wawili, yeye akivuta kwa nguvu zake zote, na mimi nikihisi jinsi nguvu hizo zilivyokuwa chache.