Mita Tatu Zisizolia

Mita ya kwanza ya kupimia nyaya fundi aliifungua mwenyewe. Ilikuwa ya manjano, ya miaka tisa, imelishwa vumbi la karakana hadi maandishi ya vitufe yamefutika, na kazi aliyoitegemea zaidi ilikuwa moja tu: ukigusisha ncha zake kwenye waya mzima, inalia, ukizigusisha kwenye waya uliokatika, inanyamaza. Fundi wa spika hahitaji kuinua macho. Mikono inatafuta, mita inamjibu.

Siku hiyo mita haikumjibu. Kioo chake kilionyesha kwamba waya ni mzima, ila sauti ndiyo haikuwepo. Fundi akadhani kengele yake ndogo imekufa, akaing'oa, akalehemu nyingine. Kimya. Akanunua mita mpya. Nayo kimya. Akatukana viwanda vya siku hizi vinavyouza vitu bubu, akavuka barabara hadi kwa muuza vifaa, akachukua ya tatu, ya bei kubwa kuliko zote. Kabla jua halijageuka alikuwa amerudi nayo, ameikumbatia kama mtu anayerudisha maziwa yaliyochacha.

"Hailii," alisema.

Muuza vifaa akagusanisha ncha. "Inalia, dada."

"Hailii, nimekwambia."

"Inalia! Si hii hapa?"

"Mwenzangu, usinifanye mtoto. Ncha zimegusana na mimi sisikii hata mbu."

Mteja aliyekuwa akinunua taa aliitazama ile mita, akamtazama fundi, kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake. Lakini fundi alikuwa ametumia maisha yake kutafuta ubovu ulipo, na macho yale yaliyoinama yalimwonyesha mahali penyewe. Tatizo halikuwa kwenye mita.

Yafaa ijulikane kwamba mtaa mzima ulimwita Sikio. Alikuwa na miaka arobaini na nane, na ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza katika chumba kile kimoja chenye mlango wa chuma, meza ya ubao iliyoungua kwa risasi ya kulehemu, na spika zilizopangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri zamu. Aliweza kusimama upande wa pili wa barabara akakwambia kama koili ya waya imeungua au karatasi inayotikisa sauti imechanika. "Mpelekee Sikio," watu waliambiana, na jina hilo ndilo lililomlisha yeye na mama yake mzazi.

Jina na karakana alivirithi kwa baba yake, na pamoja navyo alirithi kifuniko cha kopo chenye skrubu kumi na mbili. Hakuna spika iliyoruhusiwa kutoka mle bila kipimo cha skrubu. Kifuniko huwekwa juu ya sanduku la spika, amplifaya ya kukuza sauti huwashwa, sauti hupandishwa, na fundi husimama mbele, kichwa kimeinama karibu na karatasi, hadi skrubu zianze kurukaruka ndani ya kifuniko. "Skrubu zikicheza, spika imepona," baba alikuwa akisema. "Na masikio yakikuimbia jioni, jua siku imekwenda vizuri."

Masikio yalimwimbia kila jioni kwa miaka ishirini na sita, naye akaenda kulala ameridhika.

Hapa ndipo mtu hana budi kukasirika. Moshi ukiingia machoni, hata mlevi hukimbia. Chuma cha moto kikigusa kidole, mkono hujivuta wenyewe kabla ya akili. Lakini sikio likipiga yowe, tena yowe la usiku kucha, watu waungwana na wenye akili zao huliita wimbo. Baba yule aliyempenda binti yake kuliko kitu chochote, aliyemnunulia miwani ya kulehemia ili cheche zisimwingie machoni, hakuwahi kumnunulia vizibo vya masikio. Yeye mwenyewe aliondoka duniani akiuliza kila swali mara mbili, na watu wakasema ni uzee.

Jioni hiyo fundi alimkuta mama yake sebuleni akipinda upindo wa pazia. Mama alikuwa na miaka sabini na minne, na maisha yake yote alikuwa fundi cherehani. Binti akaketi bila kuvua viatu, akatoa ile mita ya bei kubwa mfukoni, akagusanisha ncha.

"Ndicho hicho kidude kumbe!" mama akashtuka. "Leo asubuhi umekaa na kama hicho nje, nikadhani kuna ndege kaingia darini. Nimegonga dari kwa ufagio mpaka nikaumwa bega."

"Mama, unasikia?"

"Nisisikie nina nini? Hebu kiache, kinakera."

Fundi akaziachanisha ncha. Akagusanisha tena. Mama akakunja uso. Akaachanisha, uso ukakunjuka. Alifanya hivyo mara nne, akiusoma uso wa mama yake kama anavyosoma kioo cha mita, na mara ya nne machozi yakamtoka.

Mama akaweka sindano chini. "Mwanangu, mimi ndiye mzee humu ndani. Kazi ya kuwa kiziwi ilikuwa yangu. Nani kakutuma uruke foleni?"

Wakacheka wote wawili, mmoja akilia.

Kesho yake fundi alikwenda hospitali. Mtaalamu wa masikio alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini na kalamu tatu mfukoni. Alimfungia fundi katika chumba kidogo kilichozibwa kwa sponji, akamvika hedifoni, akampa kitufe. "Ukisikia mlio wowote, hata uwe mdogo kiasi gani, bonyeza." Milio minene ilikuja, fundi akabonyeza kwa haraka ya mwanafunzi anayejua jibu. Kisha milio ikaanza kuwa myembamba. Kisha pakawa na kimya kirefu sana. Kupitia kidirisha, alimwona mtaalamu akigeuza vitufe vyake, akiandika, akigeuza tena. Fundi akaelewa kwamba kile kimya hakikuwa kimya. Huko ndani milio ilikuwa ikipita mmoja baada ya mwingine, kama wageni wanaobisha hodi nyumba isiyo na mtu.

"Mama, hivi vinywele vya ndani ya sikio vikifa havioti tena," mtaalamu alimwambia fundi baadaye, wakiitazama karatasi yenye mstari uliokwenda vizuri kisha ukaporomoka. "Vya sauti nyembamba ndivyo vilivyotangulia. Sitakudanganya, havirudi."

"Na vilivyobaki?"

"Vilivyobaki ni vingi. Mazungumzo unayasikia, si ndiyo? Basi hivyo ndivyo vya kulinda. Lakini ukiendelea hivi miaka mitano mingine, tutaongea kwa kuandikiana."

"Sasa kazi yangu ni sauti. Nitaacha kula?"

"Sijakwambia uache kazi. Sikio huumizwa na mambo mawili: ukubwa wa sauti, na muda unaokaa nayo. Vipunguze vyote viwili. Usikae mbele ya spika, kaa mbali. Vaa vizibo. Ukitoka kwenye kelele, yape masikio mapumziko. Na kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kumpigia kelele mtu aliye umbali wa mkono mmoja, hapo pamezidi."

"Na ule wimbo wa jioni?"

"Wimbo gani?"

Fundi akamweleza. Mtaalamu akavua miwani yake. "Huo si wimbo, mama. Ni sikio linalalamika." Akaifuta kwa ukingo wa koti. "Wewe ni wa sita wiki hii. Jana nilikuwa na kijana wa miaka kumi na tisa. Hedifoni masikioni toka asubuhi mpaka analala. Hata yeye hakuna aliyemwambia."

Njiani fundi alikuwa akiunganisha mambo. Mwezi uliopita mwenye ukumbi wa sherehe, mteja wake mkubwa, alikuwa amelalamika kwamba spika alizotengenezewa zinatoboa masikio ya wageni. Walibishana hadi wakanuniana. Sasa alielewa. Kwa kuwa sauti nyembamba hakuzisikia, alikuwa akiziongeza na kuziongeza katika kila spika, kama mpishi aliyepoteza ladha ya chumvi na bado ndiye anayeonja chungu. Akaona aibu. Baada ya aibu ikaja hofu, maana mwenye ukumbi alikuwa ameleta masanduku mengine mawili, angeyafuata Ijumaa, na angetaka kuona skrubu zikiruka. Akikataa, angempoteza mteja na pengine jina. Akikubali, angelipa kwa kile kidogo kilichobaki.

"Nitafunga karakana," alimwambia mama yake usiku huo. "Sikio lisilosikia ni la nini?"

Mama alikuwa akikagua pazia lake lililokamilika. Hakuwa akilitazama, alikuwa ameupitisha mshono katikati ya vidole viwili, polepole, inchi kwa inchi.

"Miaka hamsini nimeshona," alisema. "Umewahi kuniona nikikagua mshono kwa kuuvuta mpaka uchanike?"

"Hapana."

"Basi baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiivuta spika mpaka ichanike. Nilimwambia. Akasema cherehani na spika havifanani." Akavuta uzi na kuukata kwa meno. "Wanaume."

Asubuhi fundi aliingia karakana na kuanza kujifunza upya kazi aliyoijua. Kwanza aliifungua ile mita ya bei kubwa, akang'oa kengele yake na kulehemu taa ndogo nyekundu mahali pake. Waya mzima, taa inawaka. Kisha akalaza spika ya mwenye ukumbi mezani, akaweka vidole vitatu kwenye karatasi yake na kuisukuma taratibu chini na juu. Ncha za vidole zikahisi mkwaruzo mdogo sana wa koili. Akaweka muziki wa chini, wa kiasi cha mtu kuongea juu yake bila kupaza, akamketisha mama yake kwenye kigoda karibu na mlango, na ushonaji wake.

"Kuna nzi humo ndani," mama akasema bila kuinua macho.

"Wapi?"

"La kushoto. Anapiga kelele mwimbaji akipanda juu."

Fundi akalifungua la kushoto. Gundi ya ukingo ilikuwa imeachia mahali pa ukubwa wa ukucha. Lile sanduku lilikuwa limepita mikononi mwake mwaka jana, likapigwa kipimo cha skrubu, skrubu zikacheza, naye akalitoa. Makelele yote yale hayakuwa yakifichua ugonjwa. Yalikuwa yakiufunika.

Ijumaa mwenye ukumbi alifika na gari na tumbo lake mbele. "Haya, Sikio! Tuchezeshee skrubu tuondoke."

"Leo hazichezi, bosi."

"Kwa nini, zinaumwa?"

"Mimi ndiye ninayeumwa." Akamwambia yote, wima, bila kutafuta huruma: mita, mstari ulioporomoka, sauti nyembamba alizokuwa akizizidisha. "Uliponiambia zinatoboa, ulikuwa na haki. Mimi ndiye niliyekosa, unisamehe."

Mwenye ukumbi alikuwa amejiandaa kwa ubishi, si kwa msamaha. Akahema. "Sasa nitajuaje zimepona?"

Fundi akawasha muziki kwa sauti ya chini. "Sikiliza maneno ya wimbo."

"Hii ya kubembelezea mtoto?"

"Sikiliza, bosi."

Akasikiliza, kwanza kwa kukereka, kisha kichwa kikainamia upande. "Kumbe kuna mtu anapiga gitaa nyuma."

"Yupo toka zamani."

Fundi akamwonyesha alama nyekundu aliyoichora kando ya kitufe cha sauti cha amplifaya iliyoletwa pamoja na masanduku. "Usivuke hapa. Na nimepunguza sauti nyembamba. Huyu mama yangu ndiye aliyeonja. Wageni wakae mbali na masanduku. Wahudumu wako wapokezane, wasimalize sherehe nzima wamesimama mbele yake. Na hivi ni vizibo vyao."

"Dada, mimi nimeleta spika, wewe unaniuzia zahanati." Lakini alivitia mfukoni. Alipakia masanduku akinung'unika kwamba watu hupenda kuhisi muziki kifuani, na gari likaondoka.

Wiki mbili zikapita bila habari zake. Wateja wawili walipoona skrubu hazichezi walichukua spika zao wakaenda kwingine, na fundi akawatazama wakiondoka, ila vizibo vyake hakuvivua. Siku ya tisa aliamka na kugundua kwamba wimbo wa jioni haukuwa umemfuata hadi alfajiri. Badala yake alisikia maji yakimiminwa ndooni uani, na mama yake akiguna kwa maumivu ya mgongo. Alilala pale akivisikiliza vyote viwili kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya moto.

Jumamosi baada ya hizo wiki mbili mwenye ukumbi akaja. Kwa miguu, bila sanduku lolote.

"Zimeharibika?" fundi akauliza kabla hata ya salamu.

"Kitu gani kiharibike? Kitufe hakivuki alama yako." Akavuta kigoda, akaketi kando ya mama. "Mhudumu wangu mkubwa ameniambia, 'Bosi, wiki mbili hizi sijarudi nyumbani nikiwa sisikii wanangu.' Miaka minne ananifanyia kazi, hakuwahi kuniambia kama alikuwa hasikii wanawe."

"Ulimuuliza?" mama akadakia.

"Hapana, mama."

"Aa. Basi."

Mwenye ukumbi akacheka kwa aibu. Akaomba vizibo vingine, vya wahudumu na vya wapiga muziki, na akasema yale masanduku manne ya zamani yanakuja Jumatatu, yapigwe kipimo kipya. Akainuka kuondoka, macho yakiitafuta meza, rafu, dirisha. Kile kifuniko cha kopo kilikuwa tupu.

"Na zile skrubu, Sikio, umezitupa?"

"Skrubu nzuri hizo nitupe?" Fundi alikuwa amekwisha rudi kazini, taa nyekundu iliwaka chini ya vidole vyake, ikazimika, ikawaka tena. "Ziko kwenye yale masanduku yako mawili. Sita kushoto, sita kulia. Zimeshika."