Klipu za Lori na Jicho la Mama

Miaka michache baada ya uhuru, mume wangu alinunua mzoga wa lori pale Migori, akaufufua nyuma ya nyumba yetu kwa misimu miwili ya kiangazi. Lilikuwa lori la jeshi lililobaki tangu vita vya Wazungu, na kuku wetu walishazoea kutagia kwenye kiti chake. Lilipopakwa rangi, majirani walikuja kulishangaa. Mimi nilishangaa klipu.

Klipu ni mkanda mdogo wa chuma unaobana mpira wa maji kwenye shingo ya rejeta, tangi la maji ya kupoza injini. Kitu kidogo hivyo, kikilegea, lori zima linageuka sufuria. Nilitaka kujua mbona mpira ulidondosha maji asubuhi na mchana ukakauka wenyewe. Mume wangu akasema baridi huusinyaza mpira, klipu ikabaki imeshika hewa. Yeye ni Mkuria, mimi Mjaluo wa upande wa Mbita, kwa hiyo nyumba yetu iliongea Kiswahili, na sehemu kubwa ya Kiswahili hicho ilikuwa maswali yangu.

Klipu tulizichagua pamoja dukani. Za waya nilizikataa, maana waya huula mpira taratibu. Yeye alitaka kukata vipande vya bati la debe ili tusinunue kitu, nikamwonyesha kidole changu kilichokatwa na bati hilohilo. Tukachukua zile pana za skrubu, nami nikapitisha kidole kwenye ukingo wa kila moja kuhakikisha umekunjwa, si mkali. Muuza duka aliniangalia kana kwamba nanusa nyama buchani. Nyumbani tulisugua kutu shingoni kwa msasa, tukavalisha mpira, tukakaza, tukachemsha injini, tukaiacha ipoe, kisha tukakaza tena kidogo tu.

"Klipu haikabi," mume wangu alinifundisha. "Inakumbatia."

Basi, mama yangu. Jicho lake moja lilikuwa limeshakufa kwa kungoja matibabu, na la pili lilibakiwa na vivuli tu. Tukasikia kwamba daktari wa macho anayezunguka angekuwa kwenye misheni upande wa Asumbi, ataondoka alasiri, na hatarudi mpaka mvua ziishe. Tuliogopa kwamba mvua zikiisha, jicho nalo litakuwa limeisha. Mama angevuka kwa mashua hadi Homa Bay, na sisi tungempokea hapo na lori.

Shida ilikuwa mkwe. Mwanamume na mama wa mkewe hawakai karibu, hawatazamani usoni, na mkwe hainami mbele yake wala hampi mgongo. Kwa jambo hili Wakuria na Wajaluo hawana ugomvi hata kidogo. Nilipanga nikae katikati ya kiti niwe ukuta, na juu ya ukuta nikaning'iniza leso. Mume wangu aliona haitoshi. Lori likiharibika njiani mbele ya mama mkwe, alisema, atahamia Tanzania. Kwa hiyo nilipokwenda gatini kumpokea mama, yeye alifungua boneti akazikaza klipu zote kwa nguvu zake zote.

Sikujua. Tulipanda mwinuko wa kutoka ziwani vizuri, mama akinong'ona sala, mume wangu akiendesha shingo imegeukia dirishani. Kabla ya Rangwe mvuke ukafumka. Nikashuka, nikafungua boneti, nikaona mpira wa juu umekatika duara, palepale ukingoni mwa klipu. Kila upande mpira ulikuwa umevimba kwa kubanwa. Nilielewa mara moja nani aliyekaza, na nilikasirika.

Nilimtafuta mume wangu. Alikuwa amejificha nyuma ya lori. Nilimwambia mpira una urefu wa kutosha, tukikata kipande kilichoharibika utafika, lakini mimi siwezi kuung'oa kwenye shingo peke yangu. Akasema hawezi kuja kuinama pale mbele wakati mama ameketi akiangalia. Nikamwambia mama haoni. Akasema kuona si hoja, uso wake uko pale. Jua lilikuwa limeshapita katikati ya anga.

Nikarudi kwa mama. Aliuliza kwa Kijaluo mbona kimya, nikamweleza kila kitu, hata ile habari ya Tanzania. Hakucheka. Alivuta leso yake akajifunika kichwa chote mpaka kifuani, jicho lenye vivuli nalo ndani.

"Mwambie nimejifunika," alisema. "Afanye kazi."

Nilitafsiri kwa sauti, na mume wangu akaja. Tulikata kipande kibovu kwa kisu, tukausukuma mpira hadi ukapita kinundu cha chuma kinachozunguka shingo ya rejeta, klipu ikakaa nyuma yake. Akakaza. Mpira ulipoanza kutuna kidogo nilimshika mkono, akaacha. Tungemwaga maji ya baridi upesi injini ingepasuka, kwa hiyo tulingoja ipoe, na kungoja kule kulinichoma kuliko mvuke. Mama alikaa ndani ya leso muda wote huo kwenye joto la gari.

Tulimkuta daktari anapanga mabegi yake. Alimtazama mama, akatutazama sisi na masizi yetu, akavua koti.

Siku chache baadaye tulipokwenda kumchukua mama, bandeji ya jicho ilikuwa imeondolewa. Mama alisimama mlangoni pa wodi, na kule mbali uani mume wangu alikuwa akikagua mpira, hajui kama anaonekana. Mama alimtazama kwa muda mrefu kabla ya kugeuza uso.

"Ndiye huyo?" aliniuliza. "Mwembamba hivyo? Na miaka yote hii nilikuwa namwogopa."