Mwana wa Mkono wa Kuume

Nakumbuka siku moja, mwanangu, Kayole ikiwa bado mtaa mchanga, nimekaa kitandani katika chumba chetu cha kupanga, nimempakata kifungua mimba wangu. Baba yake, fundi seremala wa soko la Gikomba, aliugua ghafla akafa mimba ikiwa kubwa. Jina la babu yake, Mutua, mtoto alikuwa nalo tayari, kama desturi yetu Wakamba. La ubatizo lilikuwa langu kuchagua, nami nilishachagua: Benoni.

Mama mkwe wangu, aliyetoka Machakos kuja kuniuguza uzazi, alikuwa akikoroga uji. Aliposikia jina hilo, aliweka mwiko chini.

"Unajua maana yake?"

"Najua, mama. Ni Kiebrania. Raheli alimwita mtoto wake hivyo akikata roho. Mwana wa uchungu wangu."

"Na Yakobo akamwitaje?"

Nikainama kumfunika mtoto.

"Naye alifiwa na mke, lakini alimbadilisha jina palepale. Benyamini, mwana wa mkono wa kuume, mkono wa nguvu. Binti yangu, huyo unayemlilia nilimzaa mimi. Uchungu huu tutaubeba sisi wakubwa. Mtoto usimtwike."

Nililia siku ile kuliko nilivyolia makaburini. Naye alilia. Uji ukaungua, tukaunywa hivyo hivyo.

Jumapili ya ubatizo, majirani na mafundi wenzake marehemu waliingia kanisani na nyuso za matanga. Mchungaji akauliza, "Mtoto huyu aitwe nani?"

"Benyamini!" nikajibu, sauti ikafika hadi mlangoni.

Mama mkwe akapiga kigelegele, kanisa zima likampokea. Mafundi wakapokezana mtoto wakicheza naye hadi nje, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Na mkono wa kuume amekuwa kweli: nyanya yake alipozeeka, miguu ikakataa, ni Benyamini aliyembeba mgongoni kumpeleka ibada.

Basi wewe unayetarajia mtoto, nisikie. Majina ya Biblia si mapambo. Hana ni neema, Danieli maana yake Mungu ni mwamuzi wangu. Uliza maana kabla hujatamka. Baada ya dhiki faraja, mwanangu, na mtoto wako mpe jina la faraja, hata kama wewe mwenyewe hujaifikia.

Mungu akufungue salama. Na jina utakaloita, likaitikiwe na mtu mzima mwenye afya, miaka mingi baada yangu. Amina.