Nta Kwenye Uzi wa Hawa

Nta ya nyuki ikipata joto kidogo, hunuka asali iliyokaa na moshi. Harufu hiyo ikinifikia hapa kibandani kwangu Arua, mikono husimama yenyewe. Wateja hudhani cherehani imekwama. Haijakwama. Ni mimi nimerudi Koboko, nina miaka tisa, na nimeharibu kitu bila kujua nimekiharibu vipi.

Baba yangu alikuwa fundi viatu. Cherehani yake nzito ya kushonea ngozi aliirithi kwa babu, aliyeshona buti na mikanda ya askari miaka yake yote ya jeshi. Ilikuwa nyeusi, ina gurudumu la kuzungusha kwa mkono, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Kazi ya mkono tuliruhusiwa. Mimi na dada yangu Hawa tulikaa mlangoni tukipaka nta uzi wa kushonea ndara, nta ya wauza asali wa Lurujo. Babu ndiye aliyetufundisha kabla hajafa. Alisema nta huzuia uzi usioze kwa maji, na fundi anayeshona bila nta ni mvivu tu. Mimi nilimwamini babu kuliko mwalimu wa darasani.

Hawa alinizidi miaka minne. Mguu wake wa kushoto ulikonda na kukosa nguvu tangu alipougua akiwa mdogo, kwa hiyo alitembea na vyuma viwili vilivyofungwa mguuni kwa mikanda minne ya ngozi. Mwaka huo alipata nafasi kwenye shule ya bweni ya masista, Ediofe, huko Arua. Majirani walinong'ona: binti wa Kiislamu, tena na mguu ule, anapelekwa kwa masista? Mama aliwajibu kwamba masista wamesomesha watoto wa watu wengi, wapunguze maneno. Jirani mmoja aliyekuwa akipeleka muhogo wa Midia hadi Arua alikubali kumchukua kwenye lori lake, Jumapili baada ya sala ya alasiri. Asiyefika shuleni Jumatatu asubuhi, nafasi yake angepewa mwingine. Na mikanda ya zamani ilikuwa imepasuka yote. Bila mikanda vyuma havikai, na bila vyuma Hawa hakuweza kufika hata barabarani.

Jumamosi baba alikata ngozi mpya, akatia uzi mweusi kwenye cherehani, akajaribu mishono miwili mitatu, akaenda sokoni. Mimi nikabaki nautazama ule uzi. Ulikuwa mkavu kabisa. Nikamwona dada yangu huko Ediofe, mkanda umekatika mbele ya wenzake na wao wanacheka. Basi nikachukua bonge la nta, nikaufungua uzi kutoka ukutani mpaka mlangoni na kurudi, nikaupaka vizuri, mara mbili, nikaukunja tena kwenye roli yake. Nikazungusha gurudumu kidogo kwenye kipande cha ngozi, kuona kama unapita. Ukapita. Niliyafanya hayo kwa mapenzi, na hilo naomba mlikumbuke.

Jumapili baada ya chai baba alikaa kushona. Juu, mishono ilikaa sawasawa. Alipogeuza ngozi, chini uzi ulikuwa umejaa vitanzi juu ya vitanzi, umefungana mafundo.

Fundi akiona fujo chini, hutafuta ubaya chini. Baba akafungua kikopo cha bobini, yenye uzi wa chini, akapiga brashi, akatia mafuta, akakaza skrubu. Vitanzi. Akaigeuza bobini. Vitanzi tena. Akatoa uzi wote na kuweka roli nyingine ambayo mimi sikuigusa. Vitanzi vikarudi vilevile, na hapo roho yangu ikatulia kidogo, nikadhani si mimi. Akabadilisha sindano, akaweka ile kubwa yenye ncha ya kukata ngozi. Bure. Shaka ikanirudia kwamba ni mimi. Kushona kwa mkono mikanda minne ya tabaka tatu kungemchukua siku mbili, na siku mbili hakuwa nazo.

Nilikaa palepale, mikono nimeikalia. Niwaambie ukweli wote: mwanzoni niliogopa kuchapwa. Halafu likaja wazo lingine. Mikanda isiposhonwa, Hawa haendi. Tutaendelea kulala mkeka mmoja, atanisuka, atanisimulia mambo mpaka nipitiwe na usingizi. Wazo hilo lilikuwa tamu, nikalinyamazia.

Baba alikwenda kuswali adhuhuri, akarudi, akajaribu tena. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya. Aliweka paji la uso juu ya cherehani. Hawa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, sanduku lake la bati limeshafungwa. Alinitazama tu. Sikuweza kuyavumilia macho yale.

"Baba," nikasema, "uzi ya jana mimi nilipaka nta."

Akainua kichwa taratibu. "Uzi ya cherehani?"

"Babu alisema bila nta inaoza."

Nilisubiri kofi. Badala yake alishika visahani viwili vidogo vilivyo juu, vile vinavyoubana uzi kabla haujashuka kwenye sindano, akavifungua. Katikati kulikuwa na nta iliyogandamana na vumbi, unene wa ukucha. Ilikuwa imevitenganisha, kwa hiyo uzi wowote uliopita pale ulipita bila kubanwa, ukaenda kumwagika chini.

"Shida iko juu," alisema, "mimi nahangaika chini." Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akavifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akavirudisha, akashona, akageuza ngozi. Palikuwa safi. Mimi aliniambia tu kwamba nta ni ya uzi unaovutwa na mkono, nisirudie.

Lori lilimkuta Hawa amevaa vyuma vyake, mikanda inang'aa. Walimpandisha juu ya magunia pamoja na mama. Nilipunga mkono mpaka bega likauma. Hawa aligeuza uso upande wa pili, nami nikajiambia anakwepa vumbi la barabara.

Siku ile nimejivunia miaka mingi. Kila mwanafunzi wangu wa ufundi ameisikia: ukiona vitanzi chini, anza kuangalia juu. Hawa alisoma, akawa mwalimu, anafundisha Koboko mpaka leo, na mikanda yake namshonea mimi.

Mwaka jana alikuja kubadilisha mmoja. Nikaanza hadithi yangu ya siku zote, akanikatiza.

"Mimi nilijua kabla wewe hujasema. Tulilala mkeka moja. Mkono yako ilinuka nta, na siku ile hatukupaka uzi ya ndara."

Nikamwuliza mbona hakumwambia baba.

"Nilikuwa naogopa kwenda," alisema. "Watu yote iko na furaha, mimi naogopa. Cherehani ilikataa, nikasema Mungu amesikia. Nikakuangalia wewe, nikaomba ufunge mdomo."

Uzi ulinitoka mkononi. Macho yale nilikuwa nimeyasoma kinyume maisha yangu yote. Nikamwuliza, kwa sauti ndogo, kama alinikasirikia.

Hawa akasema Jumapili ile barabarani hakukuwa na vumbi ninalolisimulia. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Akanyoosha mguu, nikamfunga mkanda.